James Joule, Mtu Aliyepima Joto

Zamani, kabla dhahabu ya Geita haijachimbwa kwa mashine, walikuwapo katika nchi ya Uzinza mafundi wa chuma walioitwa Warongo. Walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha katika tanuri kwa makaa ya miti, na wenzao wakavuta mivukuto mpaka jasho likawatiririka. Kila mhunzi alijua jambo moja ambalo hakufundishwa kwa kitabu, kwamba chuma kilicho baridi kikipigwa nyundo mara nyingi hupata joto, ingawa hakikutiwa motoni. Wachimbaji wa Geita na wa Kahama nao hulijua jambo hilo. Tindo ikipigwa juu ya mwamba, ncha yake hupata moto. Mawe yakisagwa katika karasha, lile pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani yake, unga wake hutoka una joto. Joto hilo latoka wapi? Hapana kuni, wala makaa, wala jua.

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa kupima, wala si kwa kukisia, alikuwa Mwingereza jina lake James Prescott Joule. Hakuwa mfalme wala jemadari, na katika maisha yake hakushika cheo katika chuo chochote kikuu. Hata hivyo, jina lake limekuwa kipimo kitumiwacho duniani kote, na kila hesabu ya mafuta na umeme inayofanywa migodini imejengwa juu ya kazi yake.

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 katika mji wa Salford, karibu na Manchester. Mji ule ulikuwa na viwanda vingi vya pamba, na mashine zake ziliendeshwa kwa nguvu ya mvuke, hata moshi wa makaa ya mawe ukafunika anga. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha pombe. Mtoto James alikuwa na udhaifu wa mgongo, akawa mpole na mwenye haya, na kwa sababu hiyo alifundishwa nyumbani. Alipokuwa kijana, baba yake alimpeleka yeye na kaka yake kwa John Dalton, mwanachuoni mashuhuri wa Manchester, ambaye naye alikuwa mwana wa mfumaji wa nguo. Dalton aliwafundisha hesabu na elimu ya maumbo, akawazoeza kupima vitu kwa uangalifu, mpaka mwaka 1837 alipopatwa na ugonjwa wa kupooza. Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo makubwa ya Joule. Hakwenda chuo kikuu kamwe.

Akaingia katika kazi ya baba yake. Mtengeneza pombe hana budi kuangalia kipimajoto kila mara, maana joto likizidi au likipungua kidogo, pombe yote huharibika. Joule alizoea kazi hiyo tangu ujana wake. Mchana alikuwa kiwandani, na wakati wake wa mapumziko aliingia katika chumba alichojitengenezea kwa majaribio yake.

Wakati huo betri na mashine za umeme zilikuwa vitu vipya. Joule alipokuwa na umri wa miaka 19 alitumaini kwamba mashine ya umeme itachukua mahali pa mashine ya mvuke, naye akajaribu kuunda mashine ya namna hiyo. Lakini hakutosheka na tumaini. Akaanza kupima. Mwaka 1840 alitia waya ndani ya maji, akapitisha umeme katika waya ule, akaangalia jinsi maji yanavyopata joto. Akagundua kanuni iliyo thabiti hata sasa. Mkondo wa umeme ukizidishwa mara mbili, joto katika waya ule ule huongezeka mara nne. Ukizidishwa mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Ndiyo sababu waya mwembamba uliounganishwa na mashine kubwa kupita kiasi huungua, na nyumba nyingi zimeteketea kwa sababu mwenyewe hakuijua kanuni hii.

Kisha akapima jambo la pili, nalo likavunja tumaini lake mwenyewe. Betri za siku zile zilikula zinki kama vile tanuri lilavyo makaa. Joule alihesabu kazi inayopatikana kwa ratili moja ya zinki, na kazi inayopatikana kwa ratili moja ya makaa ya mawe katika mashine nzuri ya mvuke. Ratili ni karibu nusu ya kilo. Akaona kwamba kazi ya zinki haifiki hata robo ya kazi ya makaa, na bei ya zinki ni kubwa zaidi sana. Mtu mwingine angalificha hesabu hiyo kwa kuona haya. Joule aliitangaza wazi, akaacha shauri lake la kwanza. Ndipo akajiuliza swali kubwa zaidi: ikiwa makaa, zinki, umeme, joto na kazi ya mikono vyaweza kubadilishana, vinabadilishana kwa kiasi gani?

Wanachuoni wengi wa zamani zile walifikiri kwamba joto ni kitu kama maji membamba sana, yasiyo na uzito, yanayotoka katika kitu cha moto na kuingia katika kitu cha baridi. Kwa fikira zao, joto haliwezi kutengenezwa. Laweza kuhama tu. Walakini mwaka 1798 Rumford alikuwa ameonyesha huko Ujerumani kwamba mizinga ikitobolewa kwa keekee butu hutoa joto la kuchemsha maji, na joto hilo halikomi maadamu keekee inazunguka. Na mwaka 1842 daktari Mjerumani, Julius Robert Mayer, aliandika kwamba joto na kazi vina kiasi cha kubadilishana. Joule hakujua habari za Mayer. Yeye alikwenda njia yake mwenyewe, njia ya kipimajoto.

Mwaka 1843 alitengeneza mashine ndogo ya kutoa umeme, akaizamisha katika maji, akaizungusha kwa nguvu ya mizigo inayoshuka. Mizigo iliposhuka, umeme ukatokea. Umeme ulipopita katika waya, maji yakapata joto. Hivyo aliona mambo matatu yakifuatana, yaani kazi, umeme na joto. Akapima kila moja, akaona kwamba joto halikuhama kutoka mahali pengine, bali lilitengenezwa pale pale. Akasafiri mpaka mji wa Cork, Ireland, akawasomea wanachuoni waliokutana huko mwezi wa Agosti. Wakamsikiliza, wakanyamaza. Hapana aliyempinga, wala hapana aliyeshughulika naye. Mwaka 1844 aliandika habari nyingine, juu ya hewa inayoshindiliwa, nao Royal Society, chama kikuu cha wanachuoni wa Uingereza, wakakataa kuichapa katika kitabu chao kikubwa.  Mtu huyu alikuwa mtengeneza pombe tu. Tena joto alilodai kulipima lilikuwa dogo mno, sehemu ndogo sana za digrii moja, na watu wengi hawakusadiki kwamba mtu aweza kuliona.

Joule hakukasirika, wala hakuacha. Alikwenda kwa fundi wa Manchester, jina lake Dancer, na pamoja naye akatengeneza vipimajoto vizuri sana. Kwa vipimajoto hivyo, na kwa jicho lake lililozoea kazi ya kiwandani, aliweza kusoma sehemu moja katika mia mbili ya digrii ya Fahrenheit.

Kisha akatengeneza chombo kilicho maarufu mpaka leo. Alitwaa pipa dogo la shaba, akalijaza maji. Ndani yake alitia mti wenye makafi, nao ulizunguka kama mwiko unavyozunguka katika chungu cha uji. Juu ya mti alifunga kamba zilizopita katika makapi mawili, na mwisho wa kila kamba palikuwa na mzigo wa risasi. Mizigo yote miwili pamoja ilikuwa na uzito wa karibu kilo 26. Mizigo iliposhuka, makafi yalikoroga maji. Ilipofika chini, Joule aliipandisha tena bila kuzungusha makafi, akaiacha ishuke mara ya pili. Akafanya hivyo mara 20 katika kila jaribio. Baada ya kazi hiyo yote, maji yalipata joto kwa kiasi cha nusu digrii ya Fahrenheit na kidogo zaidi. Hata joto la mwili wake mwenyewe lingeweza kuharibu hesabu, kwa hiyo aliweka kizuizi cha mbao kati yake na chombo. Kisha akarudia, siku kwa siku, mara makumi kwa makumi.

Mwezi wa Juni mwaka 1847 wanachuoni walikutana Oxford. Mwenye kiti alimwambia Joule asisome habari yake yote, bali aeleze kwa kifupi. Ilielekea kwamba mambo yatakwisha kwa ukimya kama huko Cork. Lakini alikuwapo pale profesa kijana wa Glasgow, William Thomson, ambaye hakuwa bado amefika miaka 25, naye ndiye aliyeitwa Lord Kelvin baadaye. Thomson alifikiri kwanza kwamba Joule amekosea. Kadiri alivyomsikiliza ndivyo alivyotambua kwamba jambo hili ni kubwa, akazungumza naye, na wengine wakaanza kutega masikio.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Joule alimwoa Amelia Grimes, nao wakasafiri mpaka milima ya Alps. Thomson alisimulia baadaye kwamba alikutana na bwana arusi huyo njiani, ameshika kipimajoto kirefu, akitaka kujua kama maji ya maporomoko yana joto zaidi chini kuliko juu. Jambo hilo lachekesha, walakini lina maana. Maji yakianguka hufanya kazi, na kazi ile hugeuka kuwa joto chini. Ila maporomoko hayana budi kuwa marefu mno. Maji hayana budi kuanguka mita 427 ndipo yaongezeke joto kwa digrii moja tu ya Sentigredi.

Mwaka 1849 Joule alipeleka kwa Royal Society hesabu yake iliyokamilika, nayo ikachapwa mwaka 1850. Kiasi alichokiona ni hiki: joto la kuongeza digrii moja ya Fahrenheit katika ratili moja ya maji ni sawa na kazi ya kuinua ratili 772 kwa futi moja. Mwaka 1850 Royal Society wakamfanya kuwa mwenzao, na mwaka 1870 wakampa nishani yao kuu, iitwayo nishani ya Copley. Jiwe lililokataliwa na waashi likawa jiwe la pembeni.

Lakini maisha yake hayakuwa ya furaha tu. Mwaka 1854 mkewe alifariki, na mtoto wao mchanga akafariki pia, akabaki na watoto wawili wa kuwalea. Mwaka huo huo kiwanda cha jamaa yake kikauzwa. Joule aliendelea kupima kwa fedha zake mwenyewe, akafanya kazi miaka mingi pamoja na Thomson juu ya hewa inayopoa inapotanuka. Fedha zake zikapungua, hata mwaka 1878 Malkia Victoria akapewa shauri la kumsaidia, akapata pauni 200 kila mwaka. Mwaka huo, alipokuwa na umri wa miaka 59, alitoa kipimo chake cha mwisho. Hesabu ya mwaka 1850 ilikuwa 772; sasa ilikuwa 772.55. Baada ya miaka karibu thelathini ya kujisahihisha, tofauti ilikuwa ndogo kuliko moja.

Alifariki tarehe 11 Oktoba 1889 katika mji wa Sale. Juu ya kaburi lake imechongwa hesabu hiyo, 772.55, pamoja na maneno ya Injili ya Yohana juu ya kufanya kazi kungali mchana. Mwaka ule ule wanachuoni wa umeme waliokutana Paris walikubali kwamba kipimo cha kazi kiitwe jouli, na kipimo cha nguvu kiitwe wati, kwa kumkumbuka James Watt wa mashine za mvuke. Na mwaka 1948 mkutano wa mataifa juu ya vipimo ulikubali kwamba joto nalo lipimwe kwa jouli.

Sasa, ewe msomaji, tutwae kalamu tufanye hesabu. Jouli ni kiasi cha kazi au cha joto. Wati ni upesi wake, yaani wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Kilowati moja ni jouli 1,000 kwa sekunde. Joto la kuongeza digrii moja ya Sentigredi katika kilo moja ya maji huitwa kilokalori, nalo ni yapata jouli 4,190. Saa moja ina sekunde 3,600. Basi kilowati moja ikitumika saa nzima huleta jouli 3,600,000. Gawanya kwa 4,190, utapata 860 hivi. Kwa hiyo kilowati moja ya umeme ni sawa na kilokalori 860 za joto kwa saa. Hivyo ndivyo vipimo vya joto na vya umeme vibadilishwavyo, kama mtu abadilishavyo fedha za nchi moja kwa fedha za nchi nyingine.

Tupime na kazi ya mchimbaji. Mtu akivuta kutoka shimoni ndoo ya mawe yenye kilo 20, na shimo likiwa na kina cha mita 30, hufanya kazi ya jouli 5,880. Na kuchemsha lita moja ya maji ya chai, kutoka digrii 20 mpaka 100, kwahitaji jouli 335,000 hivi. Gawanya, utaona ndoo 57! Mtu akivuta ndoo 57, mikono yote imechubuka, kazi aliyofanya juu ya mawe yale yatosha kuchemsha lita moja tu ya maji. Birika la umeme la kilowati moja hufanya hivyo kwa muda usiofika dakika sita. Sasa twafahamu kwa nini joto la karasha au la nyundo ni dogo, na kwa nini mashine zinazosaga milima ya mawe zahitaji moto mkubwa namna ile.

Lakini liko onyo moja ambalo hesabu peke yake haiwezi kulionyesha. Umeme wote waweza kugeuzwa kuwa joto. Joto lote haliwezi kugeuzwa kuwa umeme. Mgodi mkubwa wa Geita ulioanza mwaka 2000 ulijitengenezea umeme miaka mingi kwa kuchoma mafuta. Lita moja ya dizeli ina joto la jouli milioni 36 hivi, yaani kiasi cha kilowati 10 kwa saa moja. Lakini mashine iliyo nzuri kwa kawaida hutoa katika lita hiyo kilowati 4 hivi tu za umeme kwa saa moja. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka pamoja na moshi na maji ya kupozea. Haikupotea, maana Joule alifundisha kwamba nguvu alizoziumba Mungu haziwezi kuharibiwa. Imetawanyika hewani, nayo haifanyi kazi tena. Basi mashine itoayo kilowati 100 za umeme huchoma mafuta yenye kilowati 250 mpaka 300 za joto, yaani lita 25 mpaka 30 kila saa. Mtu akisoma hesabu ya kilowati, na aangalie kwanza kama ni za joto au za umeme. Asipoangalia, atanunua mafuta machache mno, na mashine itazimika watu wakiwa bado chini shimoni.

Hivyo ndivyo alivyoishi James Joule. Alitamani umeme ushinde mvuke, lakini kipimo kilipokataa, alikubali kipimo. Wakubwa walipokataa kipimo chake, hakugombana nao, bali alitengeneza kipimajoto kizuri zaidi akapima tena. Na swali la mhunzi wa Kirongo, juu ya joto la chuma kisichotiwa motoni, likapata jibu. Joto hilo latoka katika mkono wake mwenyewe, nalo lina kiasi chake.